Kishikwambi cha laki na themanini kinaweza kuwa simu yangu?

*"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 47, naishi nje kidogo ya Mafinga. Simu yangu imepasuka kioo na fundi anasema kukibadilisha ni karibu nusu ya bei ya simu yenyewe. Nimewaza badala ya simu ninunue tableti ndogo yenye laini, iwe simu na iwe ya kusomea, maana herufi za simu siku hizi zinanishinda. Meseji naisoma nikiwa nimenyoosha mkono. Kazi zangu ni kupiga na kupokea simu, WhatsApp ya wazazi, vitabu vya PDF, na M-Pesa kwa wingi kwa sababu mimi ndiye mweka hazina wa kikoba chetu. Nina laki tatu. Duka moja mjini wamenionyesha ya inchi 7, laini mbili, RAM 8, GB 256, 5G, kwa laki moja na themanini. Jina lake sijawahi kulisikia. Kijana wa dukani anasema isipopiga simu nitapakua programu ya kupigia. Je, ninunue?"*

Shikamoo, Mwalimu. Nianze na jibu, maelezo yafuate: hiyo ya laki na themanini iache hapohapo dukani. Wazo lako lenyewe si baya. Vishikwambi vinavyopiga simu vipo tangu zamani; Galaxy Tab ya kwanza ya Samsung, mwaka 2010, ilikuwa ya inchi 7 na ilipiga simu za kawaida, ingawa ukiiweka sikioni ulionekana kama unasikiliza kitabu cha nyimbo. Shida ni kwamba swali lako moja limebeba matatu: simu, kioo kikubwa, na macho. Ulichoonyeshwa sioni kama kitakusaidia hata kwenye moja.

Twende kwanza kwenye simu, maana hapo ndipo watu wengi wanapoliwa hela. Tumezoea kuamini kwamba chenye tundu la laini ni simu. Sivyo. Laini kazi yake ni kukutambulisha kwa mtandao: huyu ni fulani, namba yake hii. Baada ya kukutambua, mtandao unaweza kukupa huduma tatu tofauti: intaneti, sauti ya kawaida, na zile menyu za nyota na reli. Mtengenezaji wa kishikwambi ndiye anayeamua kifaa chake kitumie zipi, na wengi wanaweka intaneti peke yake. Hata iPad ya bei mbaya, ile yenye laini, haipigi simu ya kawaida wala haifungui *150*00#, menyu ya M-Pesa. Kwa hiyo ukisikia "inatumia laini", hujaambiwa bado kama inapiga simu.

Na programu ya kupakua haitaleta kilichokosekana. Unachopakua Play Store ni pedi ya namba tu, vitufe vya kubonyeza. Kama mfumo wa kifaa umetengenezwa bila njia ya sauti, vitufe vile ni sawa na swichi uliyoipigilia ukutani bila waya nyuma yake. WhatsApp itapiga, kwa sababu WhatsApp inapita kwenye intaneti. Lakini mzazi mwenye kitochi hutampata kwa WhatsApp.

Kwako wewe, hata hivyo, kupiga simu ni jambo la pili. La kwanza ni hiyo hazina ya kikoba. Ukibonyeza *150*00#, ombi lako haliligusi bando. Linapita kwenye njia ileile ambayo mtandao unaitumia kukujulisha kwamba unapigiwa, ndiyo maana menyu inafunguka hata ukiwa huna bando wala salio, na hata pale kwenye vijiji ambako intaneti inazunguka tu bila kufika. Programu ya M-Pesa ipo na ni nzuri, lakini inataka intaneti. Siku mwanachama ana mgonjwa, ni saa tatu usiku, bando limekata na wewe ndiye unayesubiriwa utume, hutaki kugundua kwamba kifaa chako hakijui nyota maana yake nini.

Kwa hiyo kishikwambi chochote unachotaka kukifanya simu, kipimie hapohapo kaunta, kwa laini yako, kabla ya kutoa hata shilingi. Weka laini. Bonyeza *#06#, kama hakuna hata mahali pa kubonyezea namba, umeshapata jibu lako, rudisha laini mfukoni. Kama papo, itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa yenye tarakimu 15, na kifaa cha laini mbili kitaonyesha mbili. Itume kwenda 15090 na usome meseji inayorudi: inapaswa kutaja aina ya kifaa ulichokishika mkononi. Utakumbuka Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia nchi nzima. Namba hizo ndizo zilizotumika kuzitambua. Kisha fungua *150*00# uangalie salio. Mwisho mpigie mtu, ukate, naye akupigie. Hilo la kupigiwa usiliruke. Muuzaji anayenuna kwa dakika tano hizo amekusaidia kuamua.

Tuseme kimefaulu yote. Kuna mambo madogo ambayo hayaandikwi kwenye boksi. Vishikwambi vingi vya bei ya chini havina spika ya sikioni, ile ndogo ya juu ya kioo. Simu ikiingia inasikika kwa spika kubwa, na salio la kikoba litatangazwa Hiace nzima. Vingi havina mtetemo. Ukiwa darasani umezima sauti, hutajua umepigiwa. Vingi havina kile kijicho kinachozima kioo ukikiweka sikioni, hivyo shavu lako litakata simu katikati ya mazungumzo au kuwasha kamera. Dawa ni kutumia kisikilizio cha waya au cha Bluetooth. Ni kitu kingine cha kuchaji na cha kusahau nyumbani.

Sasa hizo sifa. RAM 8, GB 256, 5G, kwa laki moja na themanini. Mwalimu, hesabu hiyo ungempa mtoto wa darasa la nne angekuuliza kama hujakosea kunakili ubaoni. Simu za kampuni zinazojulikana zenye RAM 8 za kweli na 5G ya kweli zinauzwa mara kadhaa ya bei hiyo. Nini kimefanyika? Programu inayoendesha kifaa imehaririwa kiwandani ili ukienda kwenye mipangilio usome namba yoyote waliyotaka usome. Ndani yake unaweza kukuta RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 1 au 2, hifadhi ya 16 au 32, na chipu ya 3G ya zamani kama MT6580 ya MediaTek, ambayo ni ya mwaka 2015 na haijui 4G, sembuse 5G. Wakati mwingine hiyo "5G" kwenye boksi inamaanisha Wi-Fi ya gigahezi 5, jambo ambalo halihusiani kabisa na mtandao wa laini.

Kuna na uongo wa nusu, ambao hata kampuni kubwa zinautumia: boksi limeandikwa RAM 8, na kwa maandishi madogo "4+4". Hizo nne za pili ni sehemu ya hifadhi inayoazimwa kusaidia. Zinasaidia kidogo, ila hifadhi ni ya polepole sana ukilinganisha na RAM yenyewe. Soma namba ya kwanza, ya pili isahau.

Namba za kwenye kioo zikidanganya, kifaa kinapimwa kwa kazi. Fungua WhatsApp, kisha PDF nzito, kisha kamera, kisha ramani, halafu rudi WhatsApp: ikianza upya kama ndiyo kwanza inafunguliwa, RAM ni ndogo. Nenda Play Store, gusa picha ya akaunti juu kulia, ingia Mipangilio kisha Kuhusu. Chini kabisa utaona kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect, ulinzi wa Google. Kisichoidhinishwa sikushauri ukiguse, na sababu yangu si ubora. Desemba 2024, BSI, mamlaka ya Ujerumani inayosimamia usalama wa mitandao, ilikata mawasiliano ya programu hasidi iitwayo BADBOX kwenye vifaa vinavyofikia 30,000 nchini humo, fremu za picha na visanduku vya kuchezea video. Vilikuwa vimeambukizwa kabla mnunuzi hajafungua boksi. Vilikuwa Android za bei rahisi, toleo la zamani, kama hizi tunazozijadili. Ukiwa na kifaa cha kuangalia katuni, hilo ni kero. Ukiwa na kifaa kinachopokea meseji za M-Pesa ya wanakikoba wenzako, ni jambo lingine.

Halafu kuna inchi. Hapa naomba uchukue rula, maana jambo hili linawashangaza hata wauzaji. Inchi za kioo hupimwa kwa ulalo, kona hadi kona, na umbo la kioo limebadilika. Simu za siku hizi ni ndefu na nyembamba; vishikwambi ni vipana. Simu ya inchi 6.7 ina kioo cha takriban sentimita 7 kwa 15.5. Kishikwambi cha inchi 7 kina takriban 9 kwa 15.3. Umeona? Urefu ni uleule, umeongeza upana wa sentimita mbili tu. Ukienda inchi 8.7 unapata kama 11 kwa 19, karibu mara mbili ya eneo la simu. Kwa ukurasa wa kitabu cha kiada, tofauti inayoonekana inaanzia hapo.

Ongeza na ukali wa herufi. Vya inchi 7 vya bei ya chini vingi vina nukta 1024 kwa 600, yaani nukta 170 kwenye kila inchi moja. Simu ya kawaida ya inchi 6.7 yenye nukta 1600 kwa 720 ina zaidi ya 260. Nukta zikiwa chache, herufi ndogo za PDF zinakuwa na kingo za ukungu. Unaweza kutoka dukani na kioo kikubwa zaidi ambacho kusoma kwake ni kugumu zaidi.

Hapo tunafika kwenye macho, na hili ndilo nililoliona kwanza kwenye barua yako, kabla ya hilo la kishikwambi. Miaka 47, na meseji unaisoma mkono ukiwa umenyooka. Mimi ni mtu wa vifaa, si daktari, lakini hali hiyo inafahamika sana: lenzi ya jicho hupungua ulaini kadiri umri unavyokwenda, na kwa wengi kuanzia miaka ya arobaini kitu cha karibu kinaanza kuwa na ukungu. Simu haijapunguza herufi. Miwani ya kusomea inaweza kuwa ndiyo kifaa unachokitafuta, na mara nyingi bei yake ni sehemu ndogo tu ya laki tatu. Ila usiiokote kwenye meza ya barabarani kwa kubahatisha. Nenda kliniki ya macho, wakupime, na kwa umri wetu waombe wapime na presha ya macho hapohapo. Kama uoni unabadilika siku hadi siku, au jicho moja tu ndilo lenye shida, au kuna maumivu, au unaona vitu vinaelea mbele, usisubiri likizo. Hiyo si kazi ya kioo kikubwa.

Ukiwa bado hujaenda, kwenye simu yako ingia Mipangilio, sehemu ya onyesho, uongeze ukubwa wa herufi na ukubwa wa vitu vyote kwa pamoja. WhatsApp nayo ina mpangilio wake wa herufi ndani ya gumzo. Hii haitasaidia PDF, kwa sababu ukurasa wa PDF ni kama picha iliyogandishwa, na ndiyo maana ombi lako la kioo kikubwa bado lina haki yake.

Jambo moja hukuniambia: hiyo simu iliyopasuka, bado inashikika? Simu nyingi za sasa kioo cha juu na onyesho la chini vimegandishwa kuwa kitu kimoja, ndiyo maana fundi hawezi kukubadilishia glasi tupu kwa bei ya glasi, naye hajakudanganya. Lakini kama picha inaonekana yote na mguso unaitika kila pembe, basi unayo simu. Bandika plastiki ya kinga juu yake ili vipande visikukate kidole na nyufa zisisambae, na uiache iendelee na kazi inayoijua: kupiga, kupokea, *150*00#.

Hapo hesabu inageuka. Kishikwambi hakilazimiki tena kuwa simu, na ukiondoa sharti hilo unaweza kuchagua kipana zaidi cha kampuni inayoeleweka. Kinaweza kuwa cha Wi-Fi tupu. Simu yako inakirushia intaneti. WhatsApp inabaki kwenye simu, na kishikwambi unakiunganisha kama kifaa cha pili. Kinachotakiwa ni simu yenyewe isikae zaidi ya siku 14 bila kutumika. Usiku unasoma kitabu kwenye kioo kipana, asubuhi unaondoka na simu peke yake, na kishikwambi kinabaki nyumbani kwa usalama wake. Ukiibiwa kimoja, hujapoteza vyote. Hilo mweka hazina anatakiwa alifikirie mara mbili.

Kama simu imekufa kabisa, kuna njia mbili za haki kwa laki tatu yako. Moja ni simu mpya ya inchi 6.7 hivi ya kampuni yenye wakala nchini, RAM 4 ya kweli, pamoja na hiyo miwani. Haina mbwembwe, na kwa kazi ulizonitajia ndiyo isiyo na hatari. Ya pili ni kitochi na kishikwambi cha 4G kilichotumika. Kitochi kinabeba laini kuu, simu zote na M-Pesa, kinakaa na chaji siku kadhaa. Kishikwambi kinapata laini ya pili kwa ajili ya bando. WhatsApp unaisajili kwenye kishikwambi kwa namba ya kitochi, meseji ya uthibitisho inaingia kwenye kitochi, unaiandika. Mimi binafsi naipenda hii, ila si kila mtu anaweza kutembea na vitu viwili bila kusahau kimoja.

Kifaa kimoja chenye yote, yaani kishikwambi cha kampuni inayojulikana kinachopiga simu, nakiweka mwisho kwako. Kikiwa kipya kinaweza kuivuka laki tatu, na kikiwa cha mtumba hatari zinaongezeka. Mfano ni Galaxy Tab A7 Lite ya 2021 na Tab A9 ya 2023, zote inchi 8.7. Kila moja ilitoka kwa namna mbili, ya Wi-Fi tupu na ya laini, na kwa macho huzitofautishi kirahisi. Angalia namba ya modeli nyuma: SM-T220 na SM-X110 hazina laini, SM-T225 na SM-X115 zinayo. Hata hizo za laini, kipimo cha kaunta kiko palepale.

Kwa mtumba wowote, hakikisha muuzaji amefuta kila kitu na ameondoa akaunti yake ya Google mbele yako, kisha uwashe mwenyewe hadi mwisho. Kikidai akaunti ya mwenye awali, kirudishe. Vya kutoka Marekani uliza kama havijafungwa kwenye mtandao wa huko. Na Fire 7 ya Amazon, ambayo ndugu wa ughaibuni hupenda kuleta zawadi, haina tundu la laini wala haiji na Play Store. Vile vya Sensa ya 2022 wewe unavijua kuliko mimi, vilivyogawiwa walimu. Kuna siku utakiona kimoja sokoni, na nina hakika hutanunua mali ya serikali. Kipya au cha zamani, dai risiti ya EFD iliyoandikwa IMEI, na muafikiane kwa maandishi siku ngapi unaweza kukirudisha.

Nenda kliniki kwanza. Ukishavaa miwani kwa wiki mbili, fungua tena kile kitabu cha PDF kwenye simu yako iliyopasuka. Kama bado unakitaka kishikwambi, niandikie namba ya modeli iliyo nyuma yake kabla hujatoa hela, na uniambie mguso wa simu unaitika hadi pembeni au unaishia katikati.